Ntemi Hakuwa Chifu

Katika vitabu vya shule, katika magazeti, na katika hotuba za sherehe, watu waliotawala Usukuma kabla ya kuja kwa wakoloni huitwa machifu. Neno hili limezoeleka hata likadhaniwa kuwa halina dhara. Makala hii yadai kwamba dhara lipo, na kwamba ni kubwa. Neno "chifu" limetufundisha kuamini kwamba wazee wetu wa Shinyanga, Kahama, Kwimba na Geita walitawaliwa na mtu mmoja mwenye amri isiyoulizwa. Na imani hiyo hutumiwa leo na watu wa namna mbili walio wapinzani wao kwa wao. Wa kwanza husema kwamba tawala zile zilikuwa za kidhalimu, kwa hiyo zilistahili kufutwa na kusahauliwa. Wa pili husema kwamba zilikuwa za fahari, kwa hiyo zastahili kurudishwa pamoja na ngozi za simba na vigoda vyake. Wote wawili wametazama jina moja tu kati ya majina mengi, na jina lenyewe si la Kisukuma.

Hebu tuanze na jina lililo la kweli. Mtawala wa Kisukuma aliitwa ntemi, na kwa wingi batemi. Kiswahili kimeyapokea maneno haya kwa sura ya mtemi na watemi. Asili yake ni kitenzi cha kutema, maana yake kukata. Wako wasemao kwamba ntemi wa kwanza alikuwa mkataji wa msitu, yaani mtu aliyetangulia kufyeka pori na kuifungua nchi ili watu wakae. Wako wasemao kwamba alikuwa mkataji wa maneno, yaani mwamuzi wa mashauri. Hatuna haja ya kuchagua upande katika ubishi huu, kwa kuwa pande zote mbili zakubaliana juu ya jambo moja: jina hili ni jina la kazi. Halisemi kwamba mtu huyu ni mkubwa kuliko wenziwe. Lasema kwamba ana kitu cha kukata. Akishindwa kukata, jina lamwacha. Ntemi aliyeshindwa na mvua aliweza kuondolewa kitini, na nchi ikamtafuta mwingine. Mtawala ambaye hata mawingu yaweza kumshtaki si mtawala wa amri isiyoulizwa.

Pamoja na ntemi walikuwako wenye vyeo vingine, na hapa ndipo neno chifu lilipofanya wizi wake mkubwa. Walikuwako banang'oma, wazee wa ngoma ya utemi. Hao ndio waliotafuta mrithi ntemi alipokufa, wakataka shauri la bafumu wapigao ramli, wakamsimika mteule, wakakaa karibu naye kumshauri na kumwonya. Nao walikuwa na uwezo wa kumwondoa. Alikuwako ngole, mke wa cheo, ambaye nafasi yake haikuwa sawa na ya wake wengine. Walikuwako banangwa, wakuu wa vijiji. Upande wa Kahama na Unyamwezi alikuwako mtwale, mkuu wa sehemu ya nchi chini ya mtemi, na walikuwako wanyampara, wazee wa shauri. Na mbali na nyua za watawala, kijijini, alikuwako nsumba ntale, kiongozi wa chama cha kazi cha vijana. Huyu hakuteuliwa na ntemi. Alichaguliwa na wenziwe, akawapanga kwa kulima na kwa kujenga, akamtoza faini mvivu, na akawa sauti ya watu wasio na ukoo wa utemi.

Zaidi ya hayo, katika sehemu kubwa ya Usukuma utemi haukurithiwa na mtoto wa ntemi. Mrithi alitafutwa kwa upande wa kike, miongoni mwa watoto wa kiume wa dada zake. Mtoto wa ntemi mwenyewe aliitwa ng'wanangwa, akapewa kijiji cha kuongoza, basi. Msomaji na autazame ustadi uliomo katika jambo hilo. Jina la mtoto wa ntemi na jina la mkuu wa kijiji yalikuwa neno moja, kwa sababu kijiji ndicho kilichokuwa kikomo cha tamaa yake. Baba hakuweza kumjengea mwanawe kiti. Na banang'oma, waliokuwa na wapwa wengi wa kuchagua, hawakulazimika kumpokea mpumbavu kwa kuwa alizaliwa wa kwanza. Ziko nchi zenye katiba ndefu zilizopigwa chapa vizuri ambazo hazijafaulu kuziba tundu hilo.

Upande wa Geita mambo yalikuwa na sura nyingine tena. Nchi ile ni mahali pa kukutana kwa lugha mbili za utawala. Wasukuma waliohamia kutoka mashariki walikuja na jina la ntemi. Wazinza waliowatangulia walikuwa na mukama, jina la watawala wa ukoo wa Kihinda, lijulikanalo pia Karagwe na Bunyoro. Mukama na ntemi hawakutoka katika chimbuko moja, wala hadithi za kusimikwa kwao si moja. Karani wa kikoloni aliwaandika wote wawili kwa neno moja katika daftari moja, akafunga daftari, akaenda zake. Sisi tumelifungua daftari lile baada ya miaka mingi na kulisoma kana kwamba ni historia.

Wajerumani ndio waliotangulia. Neno walilolitumia kwa watawala wa bara lilikuwa "sultani", walilolichukua pwani na kulipeleka mahali lisipokuwa na maana. Waingereza wakaja na "chief". Chini ya Gavana Donald Cameron, aliyetawala Tanganyika tangu mwaka 1925 mpaka 1931, ilitungwa sheria ya mwaka 1926 juu ya mamlaka za wenyeji. Sheria hiyo ilimpa mtawala wa kienyeji nguvu ya kutoa amri kwa watu wake, na ikamweka yeye mwenyewe chini ya amri ya mkuu wa wilaya. Badala ya ushuru wa desturi akapewa mshahara. Kiti kilikuwa kile kile, na mara nyingine mtu alikuwa yule yule, lakini swali lilikuwa limegeuka. Zamani swali lilikuwa: je, banang'oma wameridhika? Sasa swali likawa: je, Bwana Shauri ameridhika?

Mtu asiniambie kwamba Waingereza hawakujua. Walijua vizuri. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1951 kitabu kizima juu ya ntemi, maziko yake, kuchaguliwa kwake na kusimikwa kwake. Na makaratasi yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambamo mwanafunzi yeyote aweza kuyasoma. Waliyajua majina yote, ila walilihitaji moja tu. Banang'oma hawakuwa na kazi katika serikali ya namna ile, kwa maana serikali ile haikuwa na haja ya mtu wa kumzuia ntemi. Ilikuwa na haja ya mtu wa kumtuma. Urithi nao uligeuzwa, ukashuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Katika Busiha ya Shinyanga, Makwaia alirithiwa na mwanawe Kidaha. Na mwaka 1945 Kidaha Makwaia, pamoja na Abdiel Shangali wa Uchaga, wakawa Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Wote wawili walikuwa machifu. Sisemi neno baya juu ya uwezo wao. Nasema kwamba njia iliyowafikisha pale ilikuwa imenyooshwa na Gavana, na haikupita kwa banang'oma.

Ng'wanangwa naye alipata msiba wake. Alikuwa mkuu wa kijiji. Akawa mkusanya kodi na mleta amri. Lakini jina lililofikia mwisho wa aibu kuliko yote ni lile la mnyampara. Katika Unyamwezi wanyampara walikuwa wazee wa shauri wa mtemi. Misafara ya pembe za ndovu ikalichukua neno lao, mnyampara akawa mkuu wa wapagazi njiani. Ukoloni ukalipokea kutoka kwa misafara, na katika mashamba, katika migodi na katika magereza mnyapara akawa msimamizi wa vibarua na wafungwa, mwenye kiboko mkononi. Cheo cha mtu aliyemshauri mwenye nguvu kimekuwa cheo cha mtu amsukumaye mnyonge. Atakaye kuona jinsi ukoloni ulivyozigeuza serikali zetu kichwa chini miguu juu, na aifuate safari ya neno hili moja. Hahitaji ushahidi mwingine.

Ujanja wa kuliacha jina na kuchukua nguvu haukubuniwa Tanganyika. Katika visiwa vya Ryukyu, vilivyo kusini mwa Japani, palikuwa na ufalme wenye vyeo vilivyopangwa kwa uangalifu mkubwa: aji, ueekata, pechin, na juu yao mawaziri watatu walioitwa kwa jina moja la sanshikan. Daraja la mtu lilijulikana kwa rangi ya kilemba chake. Mwaka 1609 majeshi ya Satsuma kutoka Japani yaliushinda ufalme huo. Lakini washindi hawakumwondoa mfalme wala hawakuvifuta vyeo, kwa sababu jina la ufalme liliwafaa katika biashara na China. Kwa zaidi ya miaka 250 vilemba viliendelea kuvaliwa kwa rangi zake zote huku maneno makubwa yakikatwa kwingine. Mwaka 1879 Japani ikaona kwamba jina nalo halifai tena, ikaufuta ufalme na kuvifanya visiwa mkoa wa Okinawa. Msukuma aisomapo habari hiyo aweza kudhani kwamba anasoma habari ya kwao, ila kwa majina ya kigeni.

Kwetu kilemba kiliendelea kuvaliwa mpaka 1963. Mwaka 1946 liliundwa Shirikisho la Usukuma, makao yake Malya, likawakusanya batemi kiasi cha 50 ambao zamani kila mmoja alikuwa na nchi yake na hakuna aliyekuwa juu ya mwenziwe. Ukafuata mpango wa serikali wa kuiendeleza Usukuma: amri za matuta, amri za kupunguza ng'ombe, amri za kulima hiki na kuacha kile. Batemi na banangwa ndio waliotakiwa kuzitekeleza, na asiyetii alitozwa faini. Watu wakawachukia. Walimchukia ntemi kwa amri ambazo hakuzitunga, naye hakuwa na njia ya kuzikataa, kwa kuwa wale ambao zamani wangemzuia au kumkinga walikuwa wameondolewa ubavuni pake. Mwaka 1958, serikali iliposhika kuwalazimisha watu wa Geita kupokea baraza la wilaya la watu wa rangi zote, wakati TANU ilikuwa imepigwa marufuku katika sehemu zile tangu 1954, maelfu walikataa, na wengi wakaenda mpaka Mwanza kusema hawataki. Nguvu ile haikutoka katika viti vya batemi. Ilitoka vijijini, katika desturi ya kukutana na kuchagua msemaji, desturi ya kina nsumba ntale ambayo hakuna aliyekumbuka kuiandika katika daftari la machifu, na kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kuiharibu.

Tanganyika huru ilipofuta uchifu mwaka 1963, ilifuta ganda. Yaliyomo yalikwisha kutolewa zamani. Silaumu uamuzi ule. Serikali changa haikuweza kuendelea kuwalipa watumishi wa utawala uliopita ati kwa kuwa waliitwa kwa majina ya kale. Ninacholaumu ni kwamba katika kulitupa ganda hatukuuliza lilikuwa na nini ndani kabla ya kutobolewa.

Watu wa vijijini waliuliza kabla ya wasomi. Mapema katika miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi katika nchi ya Kahama na Shinyanga, wanavijiji waliunda ulinzi wao, nao ukaitwa sungusungu. Walihitaji viongozi, na viongozi walihitaji majina. Walichukua katibu na kamanda kutoka katika Kiswahili cha chama na cha jeshi. Lakini yule aliyewaongoza wote walimwita ntemi. Ntemi huyu hakuwa na ukoo wa utemi, wala ngozi ya simba. Alikuwa mtu wa kijiji aliyepewa kazi ya kukata neno. Miaka 20 baada ya sheria kulifuta, jina lilirudi kwa maana yake ya kwanza, likiletwa na watu wasiosoma kitabu cha Cory. Ni kweli kwamba sungusungu walitenda pia maovu, wakapiga na kuadhibu watu bila ya hukumu ya haki. Na serikali, ilipowatambua kwa sheria mwaka 1989, haikuyamaliza matata hayo. Lakini maovu yale yaitia nguvu hoja yangu. Walikumbuka ntemi, wakasahau banang'oma.

Sasa tufike katika siku zetu. Tarehe 8 Septemba 2021, huko Kisesa katika wilaya ya Magu, viongozi wa kimila walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mkuu wa machifu na kumpa jina la Hangaya. Heshima waliyokusudia kumpa Rais wa nchi si jambo la kugombana nalo, na mgeni hukaribishwa kwa kitu kizuri kilichomo nyumbani. Walakini mwanachuoni ana wajibu wa kuuliza cheo hiki kimetoka wapi. Usukuma haikuwa na ntemi wa batemi. Kilele cha namna hiyo kilijengwa Malya mwaka 1946, na aliyekijenga alikuwa serikali ya Kiingereza. Basi tunaposema kwamba twafufua mila, yatupasa kutazama mwaka wa kaburi tunalolifukua.

Yako majibu mawili ambayo nimeyasikia mara nyingi. La kwanza ni kwamba haya ni maneno tu, na kwamba chifu au ntemi, mtu ni yule yule. Nalijibu kwa kuuliza: mbona basi wakoloni hawakusema ni maneno tu? Mbona walihangaika kuchagua lipi la kuandika na lipi la kuacha? La pili lina uzito zaidi. Wasema kwamba nayapamba ya kale. Kwamba banang'oma hawakuchaguliwa na umma, kwamba palikuwa na watumwa, na kwamba vita vya karne ya 19 vilimwaga damu nyingi katika nchi hizi. Yote ni kweli, wala sitaki turudi huko. Mimi sisemi kwamba serikali ya ntemi ilikuwa ya haki. Nasema kwamba ilijua kuwa mtu mwenye nguvu ni hatari, ikampa jina kila mtu aliyewekwa kumzuia. Elimu hiyo ndiyo tuliyoipoteza, na hasara yake haijaisha.

Tazameni ukanda wa dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ulianza kazi mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Mwenye fedha nyingi afikapo katika nchi ya watu, hupenda kukuta mlango mmoja na mtu mmoja mlangoni. Humwuliza: nani mkubwa hapa? Swali hilo ni la mtu aliyelelewa na neno chifu. Kijiji kilichofundishwa kwamba mila zake zilikuwa za mtu mmoja kitamtoa mtu mmoja, avae ngozi, apige ngoma, abariki, na ardhi iende. Kijiji kinachojua kwamba ntemi hakukata neno kabla ya banang'oma kusema, na kwamba nsumba ntale alisimama kwa ajili ya wasio na ukoo, kitajibu: mkubwa yupo, lakini kwanza kaeni, wengine hawajafika. Kati ya majibu hayo mawili yamo mashamba, makaburi na visima vya watu.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Waandishi wa kamusi na wa vitabu vya shule waache kueleza ntemi kwa neno chifu, na wampe kila mwenye cheo jina lake na kazi yake. Wanafunzi wa historia na wa Kiswahili watokao Shinyanga na Geita waende kwa wazee waliobaki, na wakusanye majina ya vyeo pamoja na mipaka yake. Wasiishie katika nyimbo na mavazi, ambayo jumba la makumbusho la Bujora limeyahifadhi vema kwa miaka mingi. Na wale wanaopenda kusimika machifu, kama hawana budi kusimika, wasimike kwanza banang'oma, wawape haki ya kumwondoa yule watakayemsimika. Halafu tutaona ni wangapi watakaoendelea kukitamani kiti.

Taifa zima limekwisha kuchukua neno moja kutoka katika serikali ile. Makao ya mtemi yaliitwa ikulu, na leo hivyo ndivyo tuitavyo makao ya Rais wetu. Tulikopa jina la nyumba na kuacha majina ya wazee waliokaa mlangoni pake. Deni hilo halijalipwa, na wa kulilipa ni sisi tunaoandika.